Mama Aliyeuza Nguo za Marehemu

Kwenye ule mnada mkubwa wa Jumapili, unaotandazwa kwenye uwanja wa vumbi ukishaipita Nyegezi kuelekea njia ya Kigongo, karibu kila mtu huuza nguo za watu asiowajua. Zimetoka Ulaya zikiwa zimebanwa kwenye mabelo, na nani alizivaa hakuna anayejua wala anayejali. Yule mama aliuza nguo za watu wa hapa hapa: mwalimu wa Misungwi, mvuvi wa Kome, mke wa mchungaji kule Magu. Wenyewe walikuwa wameshakufa. Jamaa zao walimletea nguo zikiwa zimefungwa kwenye kanga au kwenye kiroba, na wengi walitazama pembeni wakati wa kumkabidhi.

Nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumwita kwa jina. Nilimwita Mama tu. Wenzake wa mnadani walimwita Mama wa Pembeni, kwa sababu hawakukubali atandaze turubai lake katikati yao. Walidai wateja wanaogopa. Akapewa sehemu ya mwisho kabisa, chini ya mawe makubwa, baada ya wauza vyuma chakavu, na alikaa hapo kama mtu aliyepachagua mwenyewe.

Mimi kwa Mwanza ni mtu wa kupita. Nyumbani ni Nansio, na kazi yangu ya ualimu iko mbali, kijiji cha ndani huko Manyoni. Kila likizo inapokwisha ninavuka ziwa kwa meli siku ya Jumamosi, na basi langu linaondoka Nyegezi Jumatatu alfajiri. Jumapili ya katikati haikuwa na kazi, basi nikawa ninaipeleka mnadani. Nilipenda kuzunguka bila haraka. Nilipita kwenye masufuria yasiyo na vifuniko, redio zilizofunguliwa matumbo, viatu vilivyofungwa jozi jozi kwa kamba, mabegi ya magurudumu yenye gurudumu moja. Upande wa chini ng'ombe walilia, moshi wa nyama choma ukapanda, na mtu mwenye kipaza sauti akawatangazia watu wote habari za minyoo iliyomo matumboni mwao. Mwisho wa mzunguko niliishia kwa yule mama, kwenye kigoda alichokuwa ananiwekea.

Lakini mara ya kwanza sikwenda kutembea. Nilikwenda na mama yangu mzazi, tumebeba nguo za baba.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, na alikufa baada ya kukohoa muda mrefu. Watu wa mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoteremsha samaki, walishakuwa na jibu lao kuhusu kikohozi kile, ingawa hakuna aliyelisema mbele yetu. Tulilijua siku ya kuanua matanga. Nguo zilitandazwa kwenye mkeka ili wanaukoo wagawane, kama ilivyo desturi, na hakuna mkono ulionyooshwa. Baba mdogo alisema shati halimtoshi, na sote tuliona kwamba lilikuwa linamtosha. Baba mkubwa akasema afadhali zichomwe. Mama akazikusanya moja moja mbele yao, akazikunja vizuri kama mtu anayejiandaa kusafiri, akazipeleka ndani. Zilikaa uvunguni mpaka aliposikia habari za mwanamke wa mnadani.

Tulimkuta anashona kifungo. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Za wapi?"

"Nansio," mama alijibu.

"Nansio mjini au vijijini?"

"Karibu na mwalo."

"Basi haziwezi kurudi Ukerewe. Hata Ukara. Nitazipeleka upande wa Sengerema."

Mama alisema kwa haraka, kama anayetaka kumaliza, "Mume wangu aliumwa kifua."

Yule mama ndipo aliponyanyua uso. "Sijauliza alikufa na nini, mdogo wangu. Nimeuliza alikaa wapi."

Akaanza kupekua mifuko ya kila nguo mbele yetu, kama alivyofanya siku zote, ili asije akalaumiwa. Kwenye mfuko wa koti la kazi vidole vyake vilikutana na kitu, akaviingiza tena polepole. Ulikuwa unga wa mbao. Baba alikuwa anajaza mifuko unga wa mbao kila siku ya kazi bila kujua, na mama alikuwa anamgombeza kila siku ya kufua. Yule mama akamwambia mama atandaze pindo la kanga. Akageuza mfuko, akaukung'uta mpaka chembe ya mwisho.

"Hii si biashara yangu," alisema. "Hii nenda nayo."

Mama yangu hakulia kwenye mazishi. Alilia pale, amesimama katikati ya mnada, ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, watu wanapita na makarai na kuku. Yule mama aliendelea kukunja nguo. Hakumwambia anyamaze.

Tangu siku ile, kila nilipopita Mwanza nilikwenda kumsalimia. Mwanzoni nilidhani ninakwenda kwa ajili ya koti la baba, nijue limefika wapi. Niliuliza mara moja tu. Akanijibu kwamba limeuzwa, limevuka, na nisiulize tena, kwa sababu yeye akianza kujibu maswali ya namna hiyo hatamaliza. Sikuuliza tena. Lakini niliendelea kwenda.

Alikuwa mtu wa Mara, wa pwani ya ziwa, na Kiswahili chake hakikuwa na uamuzi kati ya r na l. Suruali kwake ilikuwa sululali siku moja na surulari siku nyingine. Alikuwa mnene, mwenye kucheka kwa mabega, na aliipenda soda baridi kuliko chakula. Kila Jumapili alisali misa ya kwanza ndipo aje mnadani, na padri alipomuuliza kwa nini siku ya Bwana anafanya biashara, alimjibu kwamba Bwana anaijua ratiba yake.

Alikuwa mwongo pia. Ni lazima niliseme hilo, maana watu tunaowapenda tunawapaka mafuta usoni mpaka hatuwatambui. Alidanganya umri. Alimwambia mteja kwamba hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na mifupa ya sato iko kwenye sahani nyuma yake. Aliapa kwamba vifungo vyote ni vya asili, na mimi nimemshuhudia akivishona. Kwenye kupatana bei alikuwa mgumu kama jiwe alilokaa chini yake. Ila kwenye jambo moja hakudanganya. Mtu akimuuliza kama nguo hii ni ya marehemu, alisema ndiyo. Wengi waliirudisha chini kama imewaunguza. Wachache waliinusa, wakasikia sabuni ya mche na joto la pasi ya mkaa, wakaona kola haijachakaa, wakalipa.

"Mtumba wa Ulaya nao mnajuaje mwenyewe yuko hai?" alizoea kuwauliza wale waliokimbia. Hawakusimama kujibu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulegeza, hata njaa imshike. Nguo haikurudi ilikotoka. Ya visiwani iliuzwa kwa watu wa bara, ya mjini ilivuka ziwa, ya Magu ilikwenda Geita. Alikuwa na wanawake wawili watatu wanaochukua mizigo kwenda minada ya ng'ambo, lakini hata mteja aliyesimama mbele yake alimuuliza kwanza anakaa wapi. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipopenda jaketi la ngozi. Alilivaa, likamkaa vizuri sana, akaanza kutoa pesa.

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Igoma."

"Hilo si lako. Livue."

Kijana alifikiri ni mbinu ya kupandisha bei, akaongeza. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza tena, sasa amekasirika, na watu wa vyuma chakavu wakaanza kutazama.

"Igoma kuna mtu atakuona mgongo," alimwambia taratibu. "Uso wako atauona baadaye. Ataanza kuuona mgongo, na atakuita kwa jina ambalo si lako. Livue, baba."

Kijana alilivua. Alilivua haraka, akaondoka bila kuaga. Mama akalikunja na kuliweka chini ya kigoda chake, na siku hiyo aliuza kidogo sana.

Nililala kwake mara kadhaa, kwa sababu alikaa Nyegezi mlimani, na kutoka kwake stendi ya mabasi ilikuwa karibu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule nzima ilikuwa kamba za kuanikia. Mtu ukiingia ulilazimika kuinama kupita katikati ya magauni na mashati. Jioni alipiga pasi huku anaongea, si na mimi. "Wewe ulikuwa unabeba mzigo bega hili," alimwambia shati. "Na wewe mama, ulikuwa mwembamba mwishoni, umejipunguzia mwenyewe gauni kwa mkono." Alipenda umbea wa walio hai, wa wafanyabiashara wenzake na wa wanakwaya, angeweza kuusimulia mpaka chakula kipoe. Wa wale waliomwachia nguo hakuusema, hata familia ilipokuwa imemwaga kila kitu mbele yake.

Ziwa aliliogopa. Nguo zake zilivuka kila wiki, yeye hakukanyaga meli tangu nimjue. Nilimkaribisha Nansio mara nyingi. Alisema atakuja siku watakapojenga daraja. Daraja lilipojengwa, likajengwa kule Kigongo kwenda Busisi, akasema hilo si la kwetu na hajabadilisha maneno.

Na misibani hakwenda.

Kwa mtu wa huku hilo ni jambo kubwa kuliko uongo na kuliko ubahili. Harusi unaweza kukosa ukasamehewa. Msiba wa jirani, hapana. Usipokwenda kuzika wenzako, wewe utazikwa na nani? Nilimuuliza siku moja, tukiwa tunachambua mchele nje ya nyumba yake, wakati kwenye nyumba ya tatu kutoka pale watu walikuwa wanaimba mapambio kwenye msiba na yeye ameketi.

"Nilikuwa nakwenda," alisema. "Zamani nilikuwa wa kwanza kubeba kuni. Siku moja nimeingia kwenye msiba wa mwanakwaya mwenzetu, mjane akaniona mlangoni, akaanza kupiga kelele niondolewe. Anasema nimekuja kumpima mumewe, hata hajaingizwa kwenye jeneza." Mabega yake yalitikisika kidogo, akitaka kucheka. "Nikienda msibani watu wanadhani nimekwenda kuchukua vipimo, mwalimu. Nifanye nini?"

Alichofanya ni kupika. Kila msiba wa mtaani alipika sufuria kubwa la maharage, akamtuma mtu alipeleke bila kusema limetoka kwa nani. Sufuria lilirudi tupu, kwa hiyo alijua wamekula. Alitosheka na hilo, au alijilazimisha kutosheka.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, dereva wa bodaboda. Kijana mtulivu, mwenye adabu, ambaye hakuwahi kuteremka mpaka kwenye turubai la mama yake. Jioni alisimama juu barabarani na kupiga honi, na mama akapanda na mizigo yake mwenyewe. Mnadani kote hapakuwa na mtu aliyevaa vizuri kama yeye. Mama aliyekaa juu ya marundo ya nguo zilizovaliwa hakumvisha mwanawe hata soksi ya mtumba tangu kuzaliwa. "Huyu havai cha mtu," alisema, na hakuna aliyethubutu kumtania juu ya hilo.

Kijana alikuwa amechumbia. Mahari ilishazungumzwa, siku ya kupeleka barua ya kanisa ilishajulikana, ndipo upande wa binti wakasikia mama mtu anauza nini. Wakarudisha posa. Mama alinisimulia akianza kwa kucheka, namna yule mshenga alivyokuja kajikunja kama aliyeiba kuku, akafika katikati ya hadithi akaanza kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

"Aliniambia, mama, uza hata mchicha," alisema baadaye.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mchicha kila mtu anauza. Hizi nikiziacha, nani atazipokea?" Akakata uzi kwa meno. "Hakurudia. Angerudia, labda ningeacha. Alikuwa mtoto wa kusema jambo mara moja."

Habari za kifo cha yule kijana zilinikuta Manyoni, kwa simu ya mama yangu. Aligongwa na lori barabara ya Usagara, mchana kweupe, akiwa hana abiria. Sikuweza kupata ruhusa, shule ilikuwa kwenye mitihani. Mama yangu alikwenda. Alivuka ziwa na shati jeusi la kuazima, akakaa na yule mama mpaka mwisho wa matanga, na ndiye aliyenieleza mambo yalivyokuwa.

Viti vya kukodi vilipangwa chini ya turubai, mama yangu alisema, na vikabaki vimepangwa. Wanakwaya walifika wakaimba wimbo mmoja na nusu. Madereva wenzake wa bodaboda walikuja wengi, hao walimpenda, walisindikiza jeneza na honi, lakini baada ya makaburini waliondoka, na msiba unahitaji watu wa kukaa. Majirani walipita njiani na kuinamisha kichwa. Kuni ilibidi zinunuliwe. Jioni ya kwanza jikoni walikuwa wanawake wanne, na mmoja wao alikuwa mama yangu aliyetoka kisiwani.

"Alikuwa anawapikia maharage," nilimwambia mama kwenye simu. "Misiba yote ya mtaa ule."

"Walijua?"

"Hawakujua."

"Basi hawakujua," alisema.

Nilipata kumwona yule mama likizo iliyofuata. Nilitelemka kwenye basi Nyegezi, na kabla ya kwenda kutafuta meli nikapanda mlimani kwake. Kamba za sebuleni zilikuwa zimefunguliwa zote. Sikujua kwamba sebule ile ilikuwa kubwa kiasi kile. Alikuwa amekaa kwenye kochi, amepungua, magauni yake yanampwaya. Nilimshika mkono nikampa pole yangu, akaipokea kama wafiwa wanavyopokea, kwa kushukuru sana mtu asiyekuwa na la kumsaidia.

"Wanasema ni nguo," aliniambia. "Wanasema nimeleta wafu ndani, wakamtaka mmoja wa nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia watu wanasema mengi, Mama."

"Wewe unaamini?"

"Hapana. Lilikuwa lori."

"Lilikuwa lori," alikubali. Alitazama ukuta ambao misumari ya kamba ilikuwa bado imetokeza. "Mimi siku nyingine naamini. Asubuhi siamini, ninasali, ninajua ni lori. Halafu jioni inafika."

Wakati wa kuondoka alinitaka nipitie tena nikirudi kazini. Niliporudi kutoka Nansio mwisho wa likizo nilimkuta ameweka begi katikati ya sebule. Lilikuwa begi jipya, kutoka dukani.

"Manyoni ni mbali?" aliuliza.

"Mbali, Mama. Kutwa nzima kwenye basi."

"Watu wa huku wanafika?"

"Mabasi ya Dodoma yanapita pale. Yanapita tu."

"Na wewe shule yako iko barabarani?"

"Ndani. Unashuka, unapanda pikipiki tena."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa anafanya mteja akimtajia mahali panapofaa. Nikaelewa begi ni la nini, na nikatamani nisingeelewa.

"Wajomba zake hawakuchukua," alisema. "Nilitandaza mkeka kama watu wote. Waliangalia. Nguo mpya, nyingine hajazivaa mara mbili. Waliangalia tu." Alisema hivyo bila hasira. "Mimi nimepeleka za watu kila upande. Sengerema, Geita, Kome, Magu, Bunda, kote kuna minada yangu. Hakuna upande wa ziwa hili ambao nikipeleka sitakuja kukutana naye. Nitamwona mgongo, mwalimu."

"Nimpe nani?"

"Yeyote. Usiuze. Na usiniambie umempa nani."

Alisimama akanibebea begi mwenyewe mpaka mlangoni. Pale akaliweka chini, akapiga magoti, akalifungua. Nilifikiri anataka kubakiza kitu. Hapana. Alipekua mifuko. Suruali moja, nyingine, jaketi, mfuko wa ndani wa jaketi, mpaka mwisho, mbele yangu, kama biashara ilivyotaka. Haikuwa na kitu. Alilifunga, akainuka kwa kushika fremu ya mlango.

Nilisafiri na begi lile limewekwa miguuni, sikukubali kondakta aliweke chini kwenye buti. Kijijini lilikaa chumbani kwangu wiki kadhaa. Kuna mtu anayetuletea maji shuleni na punda wake, mtu wa makamo, mpole, ambaye shati lake moja lilikuwa limeoza mabegani kwa jasho na jua. Nilimwita nikampa yote. Nilimweleza kwamba mwenyewe amefariki, kwa ajali, mbali, kwa sababu nilijua kwamba yule mama angemwambia. Alivua kofia. Aliuliza, "Alikuwa kijana?" Nikamwambia ndiyo. Akasema atazitunza, na Jumapili iliyofuata nikamwona anakwenda kanisani amevaa shati la bluu, amechomekea, punda wamebaki nyumbani.

Nimeonana na yule mama likizo hii iliyopita. Nilimkuta mnadani, mahali pake pale chini ya mawe. Alikuwa ametandaza vikombe na sahani za mtumba, bakuli za udongo zenye maua, vijiko vimefungwa kwa mpira. Alinyanyua uso nilipomwamkia, akasogeza kigoda. Tuliongea habari za safari, za mama yangu, za bei ya soda. Hakuniuliza lolote, na mimi nilitii nilichoambiwa.

Wakaja mzee mmoja na binti, wamebeba kiroba kilichofungwa vizuri mdomoni. Walikuwa wametoka mbali, viatu vyao vilisema. Binti alikuwa anatazama pembeni.

"Tumeambiwa hapa ndipo," mzee alisema.

"Ilikuwa hapa, shikamoo baba. Nimeacha."

"Umeacha?"

"Nauza vikombe."

Mzee alitazama vikombe, akatazama kiroba. "Sasa tuzipeleke wapi?"

"Sijui, baba," alisema. "Kweli sijui."

Walisimama muda, wakiwa hawana pa kuelekea, kisha wakageuka na kuanza kurudi kupitia kwenye vyuma chakavu. Yule mama aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea kwenye watu. Mkono wake ulikuwa umenyanyuka kidogo kutoka kwenye goti, kama anataka kuwaita, lakini haukwenda mbali, akaushusha. Akachukua kikombe akaanza kukifuta, ingawa kilikuwa safi.

"Zinamtosha?" aliuliza.

Ilinichukua muda kujua anauliza nini. "Zinamtosha, Mama."

"Mabegani?"

"Mabegani zimemkaa."

Alifuta kikombe ndani, akafuta nje, akafuta mkono wa kikombe. "Mikono je? Mwanangu alikuwa na mikono mirefu. Mashati ya dukani yaliishia hapa." Alijigusa juu kidogo ya kifundo cha mkono. "Ya kwake yote nilikuwa nashonesha."

"Mikono imezidi kidogo. Anaikunja."

Mtu alikuja akauliza bei ya sahani, hakumjibu, akaondoka.

"Asiikate," alisema. "Mwambie aendelee kuikunja. Asiikate."